Kuchonga Sanamu ya Mbwa Ambaye Mwenyewe Atamtambua: Mwongozo Kamili kwa Mchongaji wa Mombasa

Mchongaji wa Mombasa aliyekaa kazini miaka kumi huchonga twiga bila kutazama picha yoyote, kwa kuwa mteja anayenunua twiga anataka twiga tu, wala haulizi ni twiga yupi. Mbwa ni kazi nyingine kabisa. Anayeagiza sanamu ya mbwa humtaka mbwa wake, mwenye jina lake, aliyekuwa akilala mlangoni pake, na mara nyingi mbwa huyo amekwisha kufa. Akifungua boksi akakuta mbwa mzuri asiyemjua, kazi yote imepotea hata kama msasa umepita vizuri kiasi gani. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitaeleza kwa utaratibu namna ya kuchonga sanamu ya mti inayofanana na mbwa mmoja maalumu, na namna ya kuifanya ifike kwa mwenyewe ikiwa nzima.

Ugumu wetu una asili yake. Uchongaji wa biashara tunaoufanya leo huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi na ujuzi huo Ukambani. Ulipofika pwani na chama cha ushirika cha Wakamba kikaanzishwa Changamwe mwaka 1963, soko lilikuwa la watalii waliotaka simba, tembo na vifaru. Kijana anayeanza kazi hurithi vipimo vya wanyama hao kutoka kwa mkubwa wake, lakini kipimo cha mbwa hapewi na mtu, kwa hiyo inambidi akitafute mwenyewe.

Kuna na jambo la mji wetu ambalo mchongaji mwenye adabu halipuuzi. Waislamu wengi wa Mombasa hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambamo mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tena wako wengi wasiopenda sanamu ya kiumbe chochote chenye roho. Ukiwa na kibarua au mwanafunzi, mweleze mapema kwamba agizo ni la mbwa, na akisema hataki, mpe kazi nyingine bila kumnunia. Vilevile usiipange sanamu barazani mbele ya mlango wa jirani. Heshima ya aina hii haigharimu chochote, na ndiyo inayotuwezesha kufanya kazi pamoja.

Hatua ya kwanza: kumjua mbwa kabla ya kugusa mti

Usikubali agizo kwa picha moja. Omba picha za ubavu wa kulia na wa kushoto, za mbele, za nyuma na za kutoka juu, zote zikiwa zimepigwa kamera ikiwa usawa wa kifua cha mbwa. Mwambie mteja asimame umbali wa hatua nne au tano kisha aikuze picha, kwa maana simu ikisogezwa karibu na uso hurefusha pua na kufinya masikio, na ukichonga kwa picha hiyo utachonga kosa la kamera. Kama mbwa yu hai, omba pia vipimo vinne vya futi ya cherehani: kimo kutoka sakafuni hadi mabegani, yaani pale shingo inapokutana na mgongo, urefu wa mwili kutoka ncha ya kifua hadi matakoni, urefu wa kichwa kutoka kisogoni hadi puani, na upana wa fuvu kati ya masikio. Kama amekufa, tafuta katika picha za zamani kitu chenye kipimo kinachojulikana, kama kigae cha sakafu au kiti cha plastiki, umpimie hapo.

Baada ya hayo muulize mteja maswali ambayo picha haijibu. Alikuwa akiketi vipi? Aliegemea paja lipi? Sikio lipi lilikuwa likianguka? Alipoitwa aligeuza kichwa kwanza, au aliinuka mzima? Majibu haya yana thamani kuliko picha kumi, kwa sababu mwenye mbwa humtambua mbwa wake kwa mbali, kabla hajauona uso, kwa namna anavyokaa na kusimama. Katika sanamu ya mbwa ambayo Alberto Giacometti, mchongaji wa Uswisi, aliitengeneza mwaka 1951, mwili ni mwembamba kama uzi na uso karibu haupo, lakini mgongo ulioinama na kichwa kilichoshuka humfanya mtazamaji amwone mbwa mchovu akipita njiani.

Pale ambapo vipimo havikutosheleza, viwango vya aina za mbwa husaidia. Mbwa dume wa Kijerumani wa kuchungia kondoo, ambaye hapa kwetu tunamzoea kwa walinzi wa usiku, kwa kawaida ana kimo cha sentimita 60 hadi 65 mabegani, kichwa chake ni karibu asilimia 40 ya kimo hicho, na mwili wake huzidi kimo kwa asilimia 10 hadi 17. Mbwa koko wa mitaani hana kiwango kilichoandikwa, na kwa maoni yangu ndiye mzuri zaidi kuchonga: kifua kimeshuka, kiuno kimekatika, miguu ni mirefu na mikavu, mkia umejikunja juu ya mgongo, na kila mmoja ana masikio yake.

Hatua ya pili: kuchagua mkao kwa kufuata nyuzi za mti

Mti una nguvu pale nyuzi zinapokwenda kwa urefu wa kiungo, na hukatika kama biskuti pale zinapokikata kiungo kwa mapana. Mbwa aliyesimama ana miguu minne inayotaka nyuzi za wima, na wakati huohuo mkia ulionyooka nyuma unataka nyuzi za kulala. Gogo moja haliwezi kutoa yote mawili. Kwa hiyo, ukimchonga aliyesimama, ushushe mkia uguse paja au uukunje ukalie kiuno, ili uwe na kitu cha kuushikilia.

Mkao ulio salama kuliko yote ni wa kuketi. Miguu ya mbele inashuka na nyuzi, masikio, yawe yamesimama au yameanguka, yanafuata nyuzi hizohizo, mkia unazunguka chini na kulala juu ya kitako cha sanamu, yaani sehemu ya chini inayoisimamisha, na uzito wote uko chini. Mkao wa kulala nao hudumu sana ukilaza nyuzi kwa urefu wa mwili. Sanamu ya Anubi, mungu wa Wamisri wa kale mwenye umbo la mbweha, iliyokutwa katika kaburi la mfalme Tutankhamun lililogunduliwa huko Misri mwaka 1922, ni ya mti uliopakwa utomvu mweusi, naye amelala miguu ya mbele ikiwa imenyooshwa juu ya kitako, na baada ya zaidi ya miaka 3,000 bado ni mzima.

Hatua ya tatu: mti, na subira ya kuukausha

Hapa ndipo kazi nyingi za Mombasa huharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mpingo ni mti wa kifahari, mzito kiasi cha kuzama majini, na hushika hata mchoro mwembamba kabisa wa kisu. Lakini hukua polepole mno, na karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, kwa hiyo usafirishaji wake nje ya nchi una masharti ambayo yafaa uyaulize kwa KWS, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, kabla ya kupokea agizo. Muhugu una harufu nzuri na rangi ya asali, ila msitu wa Arabuko-Sokoke umekwisha kuumizwa sana kwa ajili ya vinyago vyetu. Mwembe ni laini na rahisi kuchonga, ingawa ukiachwa na unyevu huingia madoa ya buluu na wadudu. Mvinje hupasuka vibaya, usihangaike nao.

Mimi nachonga mbwa kwa mwarobaini, na sina haya kuutetea. Unakua upesi, umejaa mashambani pwani yote, mti wake wa ndani ni mwekundu wa kahawia na mti wa nje ni mweupe wa maziwa. Weupe huo wengi huutupa. Lakini mbwa wengi wana kifua cheupe, au soksi, au mstari kati ya macho, na ukilipanga gogo vizuri kabla ya kuliweka msumeno unaweza kumpa mbwa wako kifua cheupe cha mti wenyewe, bila tone la rangi. Niliwahi kutumia asubuhi nzima nikilizungusha gogo moja, nikichora kwa chaki na kufuta, hadi mpaka wa mti mweupe ukaja kukaa pale hasa manyoya ya kifua yanapokutana na shingo. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea lenye ubapa uliokingama, ilipofika hapo, rangi ikabadilika chini ya ubapa, kahawia ikawa maziwa, na mbwa akaonekana kabla hajawa na macho.

Sasa kukausha. Hewa ya Mombasa ni nzito, na mti uliokauka kivulini kwetu hubaki na unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi, kwa kulinganisha na uzito wa mti mkavu kabisa. Ukiupeleka katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, utaendelea kukauka hadi asilimia 6 au 8. Mti unapokauka hunywea, na kunywea kwake kwa kufuata mzunguko wa pete za gogo ni karibu mara mbili ya kunywea kwake kutoka kiini kwenda ganda. Ndiyo maana gogo lenye kiini katikati hupasuka kutoka nje kuelekea kiini, hata ulipake nini. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimpelekea mama mmoja wa Ujerumani sanamu ya mbwa wake aliyekufa. Nilikuwa nimeichonga kwa gogo zima la miezi mitatu kwa sababu nilitaka kulipwa haraka. Januari akanitumia picha: ufa umetoka kooni hadi kifuani, unaingia kidole. Hakudai fedha zake, aliuliza tu kama mbwa wake anaweza kuponywa. Jambo hilo bado linaniuma.

Fanya hivi basi. Pasua gogo likiwa bichi, ukiacha kiini nje ya kipande utakachochonga. Paka ncha zote mbili nta au rangi ya mafuta iliyobaki, kwa sababu ncha hukauka upesi kuliko ubavu na hapo ndipo nyufa huanzia. Panga vipande kivulini juu ya vijiti, hewa ipite chini na juu, mbali na ukuta wenye unyevu. Ukipasua masika yakiisha, kusi itaukausha mti taratibu, kisha kaskazi ya Desemba hadi Machi itamalizia. Kipande cha unene wa sentimita 10 usikiharakishe chini ya mwaka mmoja.

Kujua kama umekauka, kipime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike uzito kwa penseli ubavuni. Uzito ukikaa palepale wiki nne, kipande kimelingana na hewa ya Mombasa. Ukitaka kujua asilimia, kata kipande kidogo cha katikati, kipime, kikaushe ndani ya joko lenye joto la nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena, kisha tofauti ya uzito igawe kwa uzito wa mwisho: kilichokuwa gramu 115 kikawa gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 15. Kwa sanamu ya kwenda nchi za baridi, chonga kwanza umbo la jumla, toboa chini ya kitako kwa keekee (chombo cha kutobolea) na bobari (patasi yenye makali ya mviringo) ili kupunguza unene wa ndani, kisha liweke umbo hilo wiki kadhaa katika sanduku lenye matundu na taa ndogo ya joto, huku ukiendelea kupima. Kama litapasuka, lipasukie mikononi mwako.

Hatua ya nne: kuhamisha vipimo

Chagua uwiano mmoja na usiuache. Mbwa mwenye kimo cha sentimita 62, ukimchonga kwa uwiano wa 0.4, atakuwa na kimo cha sentimita 25 hivi, mwili wa sentimita 28 na kichwa cha sentimita 10. Chora ubavu wake kwenye karatasi ngumu, ukate, na ubandike juu ya mti kwa pini. Fanya hivyohivyo kwa sura ya mbele. Kata ubavu kwa msumeno kwanza, ukiacha nusu sentimita nje ya mstari kila mahali, na sentimita nzima kwenye pua na masikio, kwa kuwa huko ndiko utakakohitaji kurekebisha.

Hatua ya tano: kutoka tezo hadi kisu

Tezo hufanya kazi ya mwili mzima na haipaswi kukaribia uso. Anza mgongoni, teremka mbavuni, kisha tenganisha miguu. Mfupa wa bega la mbwa haujashikwa na mtulinga kama wetu. Umelala ubavuni mwa kifua na kushikiliwa na misuli, kwa hiyo bega lionekane likiteleza juu ya mbavu, lisijitokeze kama la mtu. Miguu ya nyuma ndiyo inayowafichua wanaoanza. Mbwa hutembea kwa vidole. Kile kifundo kinachochomoza nyuma katikati ya mguu ni kisigino chake, na goti liko juu, mbele, karibu na tumbo. Ukikosea hapo utapata mtu aliyevaa ngozi. Kila unyayo una vidole vinne vinavyogusa chini, viwili vya katikati vikiwa mbele kidogo.

Kichwa kichonge mwisho, ukiwa umepumzika, asubuhi penye mwanga wa upande. Gawanya urefu wake: katika mbwa wengi wa kawaida, umbali kutoka kisogoni hadi kati ya macho unakaribiana na ule wa kutoka hapo hadi puani. Kati ya paji na mdomo pana mteremko, mkali kwa mbwa wengine na wa taratibu kwa wengine, na macho hukaa chini ya mteremko huo, pembeni kidogo. Kosa la kawaida ni kumpa mbwa jicho la mtu, lenye weupe pande zote. Jicho la mbwa karibu lote ni mboni na duara la rangi linaloizunguka, weupe huonekana kwa shida kwenye kona. Chonga kwanza tufe zima la jicho kwa bobari ndogo, kisha zilaze kope mbili juu yake kama ngozi inavyolala, na kope ya juu ifunike sehemu ya mboni. Halafu toboa mboni kwa ncha ya keekee, lakini bakiza upande wa juu nukta ya mti isiyoguswa, ndogo kama mbegu ya ufuta. Nukta hiyo hushika mwanga, na shimo lililoizunguka hubaki giza. Ukiiacha upande uleule katika macho yote mawili, mbwa anakutazama. Ukiikata kwa bahati mbaya, jicho limekufa, na dawa ni kulichimba jicho zima upya kwa kina zaidi.

Sikio lipunguze kutoka nyuma, si kutoka ndani, mpaka mwanga ukaribie kupita. Na kama la mbwa mwenyewe lilikuwa na pengo la kuumwa, liweke. Manyoya usichonge unyoya kwa unyoya. Fuata makundi: shingoni, nyuma ya mapaja, chini ya mkia, kwa mikato ya urefu tofauti inayofuata mwelekeo wa nywele, na penginepo uache ngozi laini. Vumbi la mpingo na la mwarobaini huwasha mapafu na macho, funika pua na mdomo hata kama joto ni kali.

Hatua ya sita: ulaini na rangi

Anza msasa namba 80, kisha 120, 240 na 400, ukifuata nyuzi. Baada ya 240 futa sanamu kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache ikauke, nyuzi zilizosimama uzikate kwa namba ya mwisho. Mdomo mweusi wa mbwa uchome kwa chuma cha moto kama tufanyavyo madoa ya twiga, ukijaribu kwanza kwenye kipande cha takataka. Kisha paka mafuta ya kitani kidogokidogo, na nta ya nyuki juu yake. Kupaka rangi nyeusi ya viatu ili mwarobaini uitwe mpingo ni kumdanganya mteja, nami nawasihi wenzangu tuache.

Hatua ya saba: bei, kumbukumbu na safari

Kadiria siku zako za kazi, bei ya mti na gharama ya kutuma, kisha omba nusu kabla ya kuanza, kwa sababu sanamu ya mbwa wa mtu haina mnunuzi wa pili. Mtumie mteja picha mara mbili: umbo la jumla likimalizika, na kabla ya kutoboa macho. Marekebisho yake yasikilize hata yakikuchelewesha. Yeye ndiye aliyeishi na mbwa huyo.

Karatasi za vipimo na picha usizitupe. Sanamu ya Hachiko, mbwa wa Tokyo aliyekuwa akimngojea bwana wake katika kituo cha Shibuya, iliwekwa mwaka 1934, ikiwa kazi ya Teru Ando. Wakati wa vita ikayeyushwa kwa ajili ya chuma, na mwaka 1948 mwanawe, Takeshi Ando, ndiye aliyetengeneza ya pili. Mteja wako naye anaweza kurudi baada ya moto, au kuhama nyumba, au ndugu wawili wakataka kila mmoja wake.

Kwa safari ya nje, waone KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kuhusu cheti cha afya ya mimea ambacho nchi inayopokea hutaka. Ukifunga kwa kesi ya mbao ghafi, mbao hizo nazo lazima ziwe zimetibiwa kwa mujibu wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, ambapo joto la nyuzi 56 hufika katikati ya mbao kwa dakika 30 na mhuri ukapigwa. Boksi la karatasi ngumu halina sharti hilo, na kwa sanamu ya chini ya kilo tano latosha. Jaza kwanza nafasi zilizo kati ya miguu, chini ya kidevu na nyuma ya masikio kwa vitambaa laini, funga mwili mzima, kisha weka boksi hilo ndani ya boksi kubwa zaidi lenye kijazio pande sita. Ndani andika kikaratasi kwa mkono: sanamu isikae juu ya kipasha joto wala dirishani penye jua, ikae wiki ya kwanza ndani ya boksi lililofunguliwa kidogo ili izoee hewa ya nyumba, na ipakwe nta ya nyuki mara moja kwa mwaka, kuanzia kichwani kurudi mkiani, kama anavyopapaswa mbwa.